Nani atafyeka nyasi makaburini?

Siku tatu baada ya Krismasi iliyopita, nyanya yangu aliniomba jambo ambalo hajapata kuniomba tangu nizaliwe. Tulikuwa tumeketi jikoni kwake huko Murang'a, chungu cha githeri kikitokota mafigani, na nje watoto wetu wa mjini wakiwafukuza kuku. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Somo, kabla hamjarudi Nairobi, nipeleke nikamwone mtoto wangu."

Huniita somo kwa sababu jina langu ni lake. Kwa desturi ya Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa babake. Nilidhani anamtaka mmoja wa shangazi zangu walioolewa mbali, nikamwuliza, "Yupi, nyanya? Shangazi wa Thika?"

"La. Yule wa kwanza. Yule niliyemwacha kijijini."

Msomaji wangu, umri wangu umepita miaka thelathini, na kazi inayonipa mkate ni ya kuuliza watu maswali. Lakini ni siku hiyo tu nilipojua kwamba babangu hakuwa kifungua mimba. Alitanguliwa na ndugu aliyefariki mwaka 1955 kabla ya kutimiza miaka miwili, akazikwa katika makaburi ya kijiji, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani. Nimepita kando ya makaburi hayo pengine mara mia nikienda kupanda matatu. Sikuwahi hata kugeuza shingo.

Tulikwenda siku ya pili yake, mimi, babangu na nyanya na mkongojo wake.

Makaburi yetu yana ukubwa wa karibu ekari mbili, kwenye mteremko nyuma ya soko. Nguzo mbili za lango zingalipo, lakini lango lenyewe lilikwishakwenda na wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Upande wa juu, karibu na barabara, kuna makaburi machache yaliyojengewa saruji. Upande wa chini ni vichaka vya miiba virefu kuliko mtu. Na upande wa mashariki, ndani kabisa ya makaburi, mahindi yalikuwa yamesimama wima na maharagwe yamekaribia kuvunwa. Katikati ya mahindi hayo tuliona bikoni, lile jiwe la mpaka ambalo hutiwa na wapima ardhi. Lilikuwa jipya, saruji yake bado nyeupe.

Nyanya alisimama, akatazama huku na huku. "Ilikuwa karibu na handaki," akasema.

Lakini handaki halikuwapo. Lilikwishafukiwa hata kabla babangu hajaanza shule. Nyanya alikwenda hatua chache upande mmoja, akarudi, akaenda upande mwingine. Mwishowe aliketi nyasini, akanyamaza. Tulirudi nyumbani bila ya mtu kusema neno.

Usiku huo sikupata usingizi. Niliamua kuuliza maswali ambayo ningalipaswa kuuliza zamani.

Kijiji kilichozungushiwa handaki

Vijana wanaosoma ukurasa huu huenda wakashangaa. Leo katika sehemu nyingi za nchi yetu kila familia huzika shambani pake. Makaburi ya pamoja yalitoka wapi?

Zamani, Wakikuyu walio wengi hawakuzikwa kamwe. Mzee mwenye mali na watoto ndiye aliyechimbiwa kaburi kwa heshima. Wengine walilazwa porini, na fisi wakaimaliza kazi. Haukuwa ukatili. Kugusa maiti kulihesabiwa kuwa unajisi mkubwa, na watu waliuogopa unajisi huo kama sisi tunavyoogopa ugonjwa wa kuambukiza. Wamisionari walipofika, Waskoti huko Thogoto mwaka 1898 na Wakonsolata katika Murang'a mwaka 1902, walikuja na desturi ya kuzika kwa msalaba kando ya kanisa. Polepole watu wakazoea kushika jembe na kumchimbia marehemu wao.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mnamo Juni 1954 serikali ya kikoloni iliamua kuwahamisha raia wa sehemu za Wakikuyu kutoka mashambani kwao na kuwakusanya katika vijiji, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula wala habari. Kabla ya mwaka 1955 kwisha, zaidi ya watu 1,000,000 walikuwa wamesongamana katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba zao za zamani zilitiwa moto au kubomolewa.

Nyanya yangu alikuwa mama mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, mtoto mgongoni. Babu alikuwa amekamatwa Nairobi katika ule msako mkubwa wa Aprili 1954 uliojulikana kama Operation Anvil, akapelekwa Manyani. Nyanya anasimulia kwamba wanawake wenyewe ndio waliochimba handaki la kuzunguka kijiji na kusimamisha ndani yake vijiti vilivyochongwa ncha. Asubuhi walikwenda kazi ya lazima chini ya macho ya walinzi, na jioni, kabla ya saa za kutotoka nje, walipewa muda mfupi wa kukimbilia mashambani kutafuta chochote cha kupika. Watoto waliachwa mikononi mwa vikongwe. Vyoo vilikuwa vichache na maji yalikuwa mbali.

"Watoto walianza kuhara," anasema. "Leo wawili, kesho mmoja. Wangu alikaa siku nne."

Hakukuwa na mwanamume wa kuchimba kaburi. Wanawake watatu walimsaidia, wakazika na kurudi kazini. Hakuna msalaba uliosimamishwa, wala jina lililoandikwa popote.

Ndivyo yalivyozaliwa makaburi mengi ya vijiji vya Mkoa wa Kati wa zamani. Katika miaka hiyo hiyo ardhi ilikuwa ikipimwa upya. Vipande vilivyotawanyika vya kila familia viliunganishwa kuwa shamba moja lenye hati, na katika kuchora ramani zile sehemu ndogo ndogo zilitengewa umma: hapa shule, hapa soko, hapa josho la ng'ombe, hapa makaburi. Hali ya Hatari ilipokwisha Januari 1960, waliokuwa na mashamba walitoka kijijini wakaenda kujenga kwao. Baada ya muda wakaanza pia kuzika kwao, chini ya migomba, karibu na nyumba.

Lakini si kila mtu alikuwa na shamba la kuhamia. Wasio na ardhi walibaki mle mle kijijini, na wajukuu wao wangalimo, wengi wakiwa hawana hata hati ya kiwanja walichojengea. Hawa ndio wenye makaburi yale. Mwanamke aliyerudi kwa wazazi baada ya ndoa kuvunjika, kibarua aliyetoka mbali kuchuma chai, kijana wa kijijini aliyegongwa na gari, mtoto aliyezaliwa akiwa amefariki: wote hao hupelekwa huko nyuma ya soko. Makaburi yakimegwa, sisi tulio na mashamba hatutaona tofauti. Wao watakuwa hawana pa kuzika.

Jiwe lenye jina

Huenda ukaniambia, "Dada, marehemu amekwishakwenda, kwani jiwe litamsaidia nini?"

Siku moja ukipata nafasi, panda gari uende Nyeri ukayatazame makaburi ya wanajeshi waliokufa wakati wa vita vya pili vya dunia. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa kwa safu, na majina yamechongwa ili mgeni yeyote ayasome. Yanatunzwa na Tume ya Jumuiya ya Madola ya Makaburi ya Vita, iliyoanzishwa mwaka 1917 kwa nia kwamba kila aliyekufa vitani akumbukwe kwa jina, tajiri au maskini.

Nia ilikuwa njema, lakini haikuwafikia wote. Mnamo Aprili 2021 Tume hiyo hiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba, baada ya vita vya kwanza vya dunia, watu wapatao 116,000 kwa uchache, na huenda wakafika 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wapagazi, wale waliobeba mizigo ya jeshi hadi wakaanguka njiani kwa njaa na maradhi. Mtaa wa Kariakor hapa Nairobi umepata jina lake kutokana na kikosi chao. Jina la kikosi tunalitaja kila siku tunapokwenda kula nyama choma. Majina ya watu wenyewe hatuna.

Na kuna kaburi jingine ambalo kila mwanafunzi wa historia amesikia habari zake. Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo humo bila alama. Miaka 50 baadaye, mwaka 2007, sanamu yake ilisimamishwa katikati ya jiji, na leo ni mahali pa kupigia picha. Lakini mjane wake, Mukami Kimathi, aliyeomba kwa miaka mingi aonyeshwe kaburi la mumewe ili amzike kwa heshima, aliaga dunia Mei 2023 bila ya kuonyeshwa.

Nilipomtazama nyanya ameketi nyasini pale makaburini, nilielewa kidogo. Hakuwa akitaka mnara wala hotuba. Alitaka tu kujua ni wapi.

Mahindi ya nani?

Jumamosi iliyofuata naibu wa chifu aliitisha mkutano chini ya mti karibu na soko. Habari za lile bikoni zilikuwa zimeenea na watu walikuja wengi, hata vijana wa bodaboda. Kila aliyesimama alilaani wanyakuzi. Mmoja alikumbusha ripoti ya tume ya wakili Paul Ndung'u ya mwaka 2004, iliyoonyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mwingine alisema ni mabwanyenye wa Nairobi wanaotaka kujenga maduka. Mimi mwenyewe nilikuwa na daftari mkononi, nikiandika kwa ghadhabu na kuona tayari kichwa cha habari cha makala yangu.

Ndipo akasimama mzee mmoja mwembamba ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiwachimbia watu makaburi. Hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu: "Mahindi yale ni ya nani?"

Kimya kilitanda. Watu waliangalia chini. Kisha akasimama binamu yangu, mjukuu wa mdogo wake babu.

Shamba lao limepakana na makaburi upande wa mashariki. Alieleza kwamba yeye alimkuta babake akilima pale, na babake naye alianza kwa kung'oa magugu tu, ili panya na nyoka wasije nyumbani. Akapanda maharagwe kidogo mahali alipofyeka. Msimu uliofuata akaongeza mstari mmoja, na msimu mwingine mstari mwingine. Mwaka huu ndugu walipotaka kugawana shamba, walimwita mpima wa bei nafuu ambaye hakuja na ramani yoyote. Aliuliza shamba linaishia wapi, wakamwonyesha mwisho wa mahindi. Naye akatia bikoni pale.

Basi yule mnyakuzi niliyekuwa nikimtafuta Nairobi alikuwa wa ukoo wetu. Na si yeye pekee. Mama mmoja alikiri kwamba hukata majani ya ng'ombe wake humo. Mwingine alichukua mawe ya mpaka akajengea jiko. Babangu, mtu wa kanisa na mwalimu mstaafu, alisema kwa sauti ya chini kwamba mara ya mwisho kushika panga kufyeka makaburi yale alikuwa angali kijana wa shule. Nami je? Miaka miwili iliyopita kulikuwa na mchango wa kuzungushia seng'enge. Nilituma shilingi 500 kwa simu, nikajihesabu kuwa nimemaliza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuona ufa kila siku, na wengine wetu tulipanda maharagwe ndani yake.

Haya ndiyo yanayohitajika

Kutunza makaburi ya kijiji si jambo la mamilioni. Kwa yale niliyojifunza tangu Januari, nawapa wasomaji mambo sita ya kuanzia, kwa maana najua vijiji vyenye hali kama yetu ni vingi.

Kwanza, tafuteni ramani. Makaburi yaliyotengwa wakati wa kupima mashamba huwa yana nambari yake ya kiwanja kama shamba jingine lolote, na huonekana katika ramani ya usajili wa eneo. Nendeni katika ofisi ya ardhi, lipieni upekuzi, mjue kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani. Vingi vilisajiliwa chini ya yale mabaraza ya wilaya yaliyovunjwa baada ya uchaguzi wa mwaka 2013, na tangu hapo havikufuatiliwa na mtu. Mkiwa na nambari, mpima wa serikali anaweza kuonyesha mpaka wa kweli. Msitegemee kumbukumbu peke yake, wala mwisho wa mahindi.

Pili, ua. Seng'enge huibwa, na lango la chuma vile vile. Ua wa miti ya kayaba uliopandwa vizuri na kukatwa kila mwaka huchukua muda kukua, lakini ukishafungamana hata mbuzi hapiti.

Tatu, daftari. Hili ndilo rahisi kuliko yote na ndilo tulilolikosa. Nunueni daftari gumu la kurasa nyingi. Andikeni jina la marehemu, jina la mzazi au jamaa wa karibu, tarehe ya mazishi, safu na nambari ya kaburi. Daftari moja likae kwa naibu wa chifu anayetoa kibali cha mazishi, na nakala ikae kanisani au shuleni. Kwa walioaga zamani, waiteni wazee, mkae nao siku nzima, mwandike wanayokumbuka. Fanyeni mwaka huu. Mwakani watakuwa wamepungua.

Nne, alama. Msalaba wa mbao huliwa na mchwa kwa miaka michache tu. Kigae kidogo cha saruji chenye nambari iliyochorwa ikingali mbichi hudumu, na gharama yake ni ndogo. Wenye uwezo hupenda kujengea kaburi zima kwa saruji na vigae vya kung'aa. Si vibaya, lakini katika makaburi ya umma kila kaburi lililojengewa kwa upana hula nafasi ya mwingine.

Tano, ratiba ya kufyeka. Nyasi hukua sana wakati wa mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo siku mbili kwa mwaka zatosha: moja Juni na nyingine kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, wakati watu wa mjini wamerudi na mikono ni mingi. Fyekeni kwa panga na fyekeo, msitie moto, kwa kuwa moto huunguza misalaba na kupasua mawe. Wala msipande mikaratusi kati ya makaburi, mizizi yake haina adabu.

Sita, idaini serikali yenu. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imetaja wazi kwamba makaburi ni jukumu la serikali za kaunti, pamoja na huduma nyingine za afya. Mwakilishi wa wadi akiitisha kikao cha maoni kuhusu bajeti, watu huomba barabara na taa. Simama nawe uombe ua wa makaburi. Na mtu asithubutu kufukua kaburi ili apate nafasi ya kujenga. Sheria ya Afya ya Umma inakataza kufukua maiti bila kibali.

Usiseme haya hayakuhusu kwa kuwa nyumbani kwenu mna shamba. Shamba la babu la ekari nne likigawiwa watoto sita, kisha wajukuu ishirini, kitakachobaki ni kiwanja cha nyumba na choo. Tayari katika sehemu za Kiambu na Murang'a kuna familia zinazouliza marehemu azikwe upande gani asije akawa chini ya dirisha la jikoni. Na tusidhani kwamba Nairobi kuna nafasi. Makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kuwa yamejaa mwaka 1996, lakini watu wangali wanazikwa humo. Huenda watoto wetu ndio watakaorudi kuomba nafasi nyuma ya soko.

Safu ya handaki

Pasaka tulirudi. Binamu yangu alikuwa amekwishavuna, na bikoni aling'oa mwenyewe mbele ya wazee. Mpima wa kaunti bado hajafika, na ua tumepanda upande mmoja tu. Lakini vichaka vya chini vilikuwa vimefyekwa na vijana wa bodaboda, na kwa mara ya kwanza niliona ardhi ya makaburi yetu ilivyo: mawimbi madogo madogo, safu baada ya safu.

Yule mzee mchimba makaburi alitungoja. Alimshika nyanya mkono, akamwonyesha mstari ulionyooka kutoka kisiki cha mugumo hadi pembe ya shule. "Handaki lilipita hapa," alisema. "Wanawake waliwazika watoto wadogo upande huu, kwenye udongo uliotupwa wakati wa kuchimba. Hawakuwa na nguvu ya kuchimba kwingine."

Nyanya alitikisa kichwa kukubali. "Ulikuwa udongo laini," alisema. "Nakumbuka. Tulichimba kwa mikono."

Ni kaburi lipi hasa katika safu ile, hakuna ajuaye, na hakuna atakayejua. Kuna vilima vidogo kumi na saba. Nyanya alikuwa amebeba katika kiondo vitunguu vya yale maua ambayo Wakikuyu huyaita matoka, ambayo zamani yalipandwa kuonyesha mipaka ya mashamba. Hakupanda penye kilima kimoja. Alitwambia tupande safu nzima, mwanzo hadi mwisho, naye akasimama kuhakikisha hatuachi hata kimoja.

Kisha alitaka kuliona daftari. Nilikuwa nimeandika jina la mtoto wake la kwanza kabisa, ukurasa wa kwanza: jina, mama yake, mwaka 1955, safu ya handaki. Nyanya hajui kusoma. Aliniomba nimsomee, nikasoma. Akaniomba nisome tena.

Likizo ya Agosti inakuja. Ukienda mashambani na watoto, waulize wazee kama kuna mtu wenu aliyelala makaburi ya kijiji, na ubebe panga. Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.